Robo Saa ya Shamsa

Karatasi ya maabara ilisema kumi na moja.
Nilidhani ni tarehe.
Sista Kadzo akaweka ukucha chini ya ile namba:
"Mwanao hana jua mwilini."

Hana jua. Mombasa!
Mji ambao jua linafubaza mabuibui kambani,
linalainisha lami hadi kandambili zinanasa,
na adhuhuri bomba letu latoa chai isiyo na majani.
Tena mwenyewe nimemwita Shamsa.

Nikaona haya kama aliyedaiwa mbele za watu.
Miezi mitano nanyonyesha, sijamwonjesha hata maji.
Usiku umeme umekatika, nampepea kwa kifuniko cha sufuria.
Chuchu zimepasuka, nikauma leso, nikampa.
Leo karatasi yaniambia kuna kitu sikumpa.

"Maziwa yako hayana kosa," akasema Sista.
"Lakini hayawezi kubeba ambacho wewe mwenyewe huna.
Mwakaa wapi?"

Kibokoni, ghorofa ya pili.
Jirani alipofikisha ya sita
asubuhi yetu ilihamia kwake.
Mchana nashona kofia za viua chini ya taa.
Nikitoka, natoka na buibui, upesi, upande wa kivuli;
nani mji huu hutembea juani kwa hiari?
Arobaini ya Shamsa iliisha, tukaongeza nyingine:
Bi Mwatime alihofia kijicho, akahofia upepo,
na kwa sauti ya chini, akahofia mtoto atakuwa mweusi.

"Lakini huota jua," nikajitetea.
"Kila siku, dirishani, saa tatu na robo,
linapopenya baina ya kuta mbili, humlalia tumboni."
"Dirisha la kioo?"
"La kioo."
Sista akashusha kalamu.

Kumbe kioo ni bawabu mla rushwa:
mwanga kinauingiza, joto kinaliingiza,
na ule mwale uliomjia mwanangu
kinauambia rudi kesho.

Tukapewa kichupa, kidogo kuliko cha wanja.
Tone moja kwa siku. Nalidondosha chuchuni,
ananyonya mimi na jua kwa mkupuo mmoja.
Nami nina vidonge vyangu.
"Na mkiweza," alisema, "nje, kidogo tu,
jua likiwa changa. Miguu wazi, macho kivulini."

Bi Mwatime aliposikia hakunena neno hadi magharibi.
Alikuwa akichambua mchele. Akasema:
"Sisi tulilelewa uani."
Punje kadhaa baadaye:
"Nyumba ilikuwa na mbingu yake, ndani, nyuma ya mlango.
Hizi zenu hazina."

Ufunguo wa darini anao Chivatsi, kijana wa njiwa.
Jumatatu tukapanda, mkeka kwapani.
Juu: matangi, nyaya, madishi yametazama upande mmoja
kama watu waliosikia mlio.
Fundi wa jirani alikuwa kwenye paa lake;
nikatundika leso mbili baina yetu na yeye.

Nikamvua Shamsa soksi.
Nikaitazama miguu yake kama ya mgeni aliyefika usiku
na sasa kumekucha.
Nikatafuta matege. Sijui.
Mtoto wa miezi mitano, mguu wote ni mkunjo.
Nikainyoosha, ikajikunja tena, akacheka.

Nikapandisha mkono wa buibui hadi kiwikoni,
nikaangalia leso kama zimetulia,
nikapandisha zaidi.
Ngozi ile sikuwa nimeizoea. Ilisisimka
kama iliyoguswa na mtu.

Robo saa ni ndefu ukiwa huna cha kushona.
Njiwa mmoja alitembea ukingoni akitukagua.
Nilikuwa nageuza kichwa cha mtoto kivulini
naye akaniponyoka, akalikodolea lenye jina lake,
akakunja uso wote hadi pua,
akapiga chafya.

Kutoka ngazini, pumzi zikimwishia,
Bi Mwatime, ambaye aliapa hapandi:
"Afya!"